Pale Nilipokohoa

Parklands, Nairobi
3 Machi 2025

Wangechi, nyara, binti yangu,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa makanga wa basi, imekunjwa kama kitambaa cha kufutia kamasi, lakini nimeisoma yote. Umefanya vizuri kuandika. Simu siku hizi inanikwaruza sikio. Mtu akiniambia "hujambo" mimi nasikia kuku.

Kwa hiyo wewe ndiwe binti ya Njuguna wa kaseti! Baba yako namkumbuka. Mwaka mmoja nilikuja Kisumu kutoka Bombay kumzika mjomba, akanikimbilia barabarani na kaseti mkononi, anataka sahihi. Nikaitazama ile kaseti. Jina langu lilikuwa kwa maandishi madogo, ungedhani ni tarehe ya kuharibika ya mkate. Picha ilikuwa ya mwigizaji, maana ndiyo kazi yetu ilivyokuwa. Mimi naimba ndani ya studio, yeye anafungua mdomo kwenye filamu, na watu wanampenda yeye. Basi nikatia sahihi kwenye shavu lake.

Unaniuliza kama nitakuja kuimba kwenye sherehe ya ukumbi wa Kisumu. Nitakuja. Lakini nisikilize kwanza, kwa sababu wewe ndiye mwenye mashine.

Filamu zetu zilitaka mwanamke awe na sauti nyembamba ya msichana ambaye hajaolewa, hata kama mwigizaji ana watoto watatu nyumbani. Niliimba sauti hiyo mpaka nikaota mvi. Kisha ikaanza kuhama. Kwanza iliondoka ile ya juu kabisa. Asubuhi unaipata, jioni haipo. Halafu pumzi. Mstari uliouimba kwa pumzi moja unadai mbili, halafu tatu. Halafu sauti inatetema bila kukuomba ruhusa. Wenzangu wengine waliwaomba wapiga muziki washushe kii, kimo cha wimbo, kidogo kidogo, watu wasijue. Wengine waliacha mashine iwanyooshe. Mmoja alinyamaza kabisa, haimbi hata bafuni. Yangu mimi imeshuka kifuani na kukaa huko, nzito, yenye mikwaruzo. Na nitakwambia kitu: naipenda kuliko ile ya zamani. Ile niliwaimbia waigizaji. Hii ni yangu.

Mimi nilizaliwa Usenge, kando ya ziwa, nyuma ya duka la baba, nikaimba kwa mara ya kwanza nikiwafukuzia ndege kina mama walioanika omena, dagaa wa huko. Niliondoka Kisumu nikiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo watu wa Kisumu wamenisikia, lakini hawajawahi kuniona nikifungua mdomo. Nina miaka sabini na minane. Nataka mara moja tu: mdomo wangu, sauti yangu, uzee wangu wote.

Ule wimbo wangu wanaoupenda nitauimba. Mwambie mpiga kinanda ashushe kii hatua nne. Na wewe usinisaidie. Nikivunjika, niache nivunjike.

Wako,
Jashu Bhayani


Migosi, Kisumu
10 Machi 2025

Mama Jashu mpendwa,

Niliposoma barua yako nilipiga kelele hadi jirani yangu Milka akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimeungua. Nikamwambia, "Mama Jashu anakuja!" Akakaa chini kwenye ngazi, na mwiko wake. Milka ni mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani kwetu tangu mimi nikiwa msichana. Hajui neno hata moja la Kihindi, lakini wimbo wako anaujua mwanzo hadi mwisho.

Ile kaseti ninayo, na shavu lake lenye sahihi. Baba alipoacha duka, aliniachia hiyo na hizi kazi za sauti. Leo ninakodisha spika na maiki kwa harusi, mazishi na mikutano ya siasa, na katika mji huu hakuna mwanamke mwingine anayebeba spika zake mwenyewe.

Nimemwambia Wekesa wa kinanda kuhusu kii. Amesema hatua nne ni sawa. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Kantilal, ana wasiwasi kidogo, unajua wanaume wa kamati. Juzijuzi watu walimrekodi mzee mmoja akiimba harusini, sauti ikamkatika, na mji mzima ukamcheka mtandaoni kwa wiki nzima. Anaogopa mambo kama hayo. Mimi nimemwambia asikuogopee.

Nakuahidi, Mama: watakusikia ulivyo. Sitakusaidia hata kidogo.

Binti yako,
Wangechi wa Njuguna


Parklands, Nairobi
9 Aprili 2025

Wangechi,

Nimerudi salama, miguu imevimba, moyo nao sijui niseme umefanya nini. Ukumbi wote ulisimama Jumamosi ile. Kantilal alilia kwenye shati lake jeupe. Wanawake walinishika mikono kana kwamba ndio kwanza nimeshuka kwenye meli. Mmoja aliniambia, "Mama, sauti haijabadilika hata kidogo!"

Asante kwa kunipeleka Usenge siku iliyofuata. Duka la baba sasa ni la simu, sawa. Lakini omena bado zinaanikwa palepale na ndege ni walewale wezi. Wale kina mama waliponiomba niwaimbie, nikawaambia, "Sauti yangu nimeiacha Kisumu kwa huyu Wangechi," walicheka sana. Nawe ulicheka.

Sasa nataka kukuuliza jambo, kwa sababu ukumbini wewe peke yako ulivaa hedifoni. Watu wa kupiga makofi wamenipigia, basi. Wewe ulinisikiaje? Niambie kweli, usinipake mafuta.

Nitakuwa hapa nyumbani. Mwezi ujao nina shughuli kidogo ya hospitali, mambo ya kizee.

Jashu


Migosi
14 Aprili 2025

Mama Jashu,

Nashukuru Mungu umefika salama. Hapa mji mzima bado unakuongelea. Hata muuza samosa wa pale nje ya benki ananiuliza, "Yule mama wa Kihindi atarudi lini?"

Unaniuliza nilikusikiaje. Ulisikika vizuri sana, Mama. Kama kwenye rekodi.

Nimekutumia omena za Usenge kwenye mfuko wa bluu. Ni za jua, si za moshi. Mwambie mjukuu wako azikaange na nyanya nyingi na asizioshe kwa maji ya moto, zitavunjika. Nimeweka pia picha aliyokupiga Wekesa ukiwa jukwaani umefunga macho. Mvua imeanza huku, na spika zangu mbili zimeingia maji, kwa hiyo nisamehe kwa ufupi wa barua.

Wangechi


Parklands
19 Aprili 2025

Wangechi,

Omena zimefika, nyumba nzima inanuka Usenge na binti yangu amefungua madirisha yote. Mimi nimeyafunga.

Picha nimeiona. Mdomo wangu uko wazi sana, hata meno ya dukani yanaonekana. Nimeipenda.

Nakumbuka kwamba kabla ya ubeti wa mwisho nilikohoa. Kikohozi kibaya, cha kifuani. Watu walikisikia?

Na lingine. Ukumbi utakuwa wazi lini tena? Kabla ya katikati ya Mei, kwa mfano. Nauliza tu.

Jashu


Migosi
24 Aprili 2025

Mama Jashu,

Usijali kuhusu kikohozi. Hakuna hata mtu mmoja aliyekisikia, nakuapia.

Ukumbi una harusi mfululizo hadi Juni, ukitoa Jumapili moja moja jioni. Lakini kwa nini ujisumbue na safari tena? Umeshatupa kilicho bora. Pumzika, Mama.

Wangechi


Migosi
26 Mei 2025

Mama Jashu,

Hujaniandikia mwezi mzima na mimi sikustahili kuandikiwa. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka karatasi za daftari la mtoto zimekwisha. Nitasema moja kwa moja.

Hakuna mtu ukumbini aliyekusikia. Maiki yako niliishusha hadi chini kabisa kabla hujaanza. Walichosikia ni rekodi yako ya zamani, ile uliyoimba ukiwa na miaka ishirini na miwili. Niliisafisha kwa kompyuta nikaipiga kwenye spika kubwa. Wekesa alikuwa akigusagusa kinanda kilichozimwa. Kijana wa tabla naye alikuwa akipapasa ngoma tu. Nilijua sikio lako halishiki vizuri na spika zote zilikuwa zimewaelekea watu.

Ilikuwa hivi. Mchana, wakati wa kujaribu maiki, ulipofika ule mstari wa juu sauti ilikatika. Wewe ukacheka ukaendelea. Lakini vijana wawili waliokuwa wakipanga viti walitoa simu wakaanza kurekodi huku wakisukumana. Kantilal akanivuta nyuma ya spika. Akaniambia, "Wangechi, hii itakuwa kwa simu za watu kabla hatujakula. Unampenda huyu mama ama unataka achekwe? Fanya kitu." Sisi watu wa spika hatuendi kwenye shughuli bila rekodi ya wimbo wenyewe kama akiba, mwimbaji asipotokea au umeme ukimsumbua. Wimbo wako nilikuwa nao. Kantilal aliomba tu, Mama. Kidole kilichoshusha maiki ni changu.

Nilijiambia nakulinda. Uongo. Niliogopa wangekucheka nami nikiwa hapo, binti ya Njuguna, mtu aliyewaambia watu tangu utotoni kwamba sauti yako haina mfano.

Na sasa lile baya zaidi. Maiki ilikuwa chini kwenye spika, lakini kwenye hedifoni zangu ilikuwa juu. Sikio moja niliwaachia watu na yule msichana wa rekodi. Kwa sikio la pili nilikusikia wewe. Ulikuwa ukiimba chini kabisa, mbali na kii ya rekodi, polepole, na pale palipokatika mchana ulipita kando ukashuka kama mtu anayejua njia ya nyuma ya nyumba yake. Ulikohoa. Ukasema neno moja la Kigujarati nisilolijua, kisha ukaimba ubeti wa mwisho, nami nikalia mbele ya miksa, meza yangu ya sauti, hadi Wekesa akadhani kuna kitu kimeungua. Mama, ulikuwa bora kuliko yule msichana. Ningeweza kupandisha maiki wakati ule. Kidole kilikuwa juu yake. Sikuipandisha, kwa sababu watu wangejua nilichofanya.

Walisimama kumshangilia msichana wa miaka ishirini na miwili, na wewe ukainama ukapokea. Halafu ukaniuliza, mara ya kwanza na mara ya pili, na nikakujibu kama nilivyokujibu. "Hakuna aliyekisikia." Niliandika maneno hayo nikaona aibu, lakini nikalamba bahasha.

Kilichonivunja ni Milka. Nimekwambia habari zake. Sauti yake imeanza kutetema, mwalimu wa kwaya amekuwa akimvumilia. Jumapili iliyopita alirudisha joho lake la kwaya. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wangechi, mimi nilimsikia Mama Jashu kwa masikio yangu. Sabini na nane, na sauti bado iko tu vile. Kumbe sio uzee. Mimi ndiye nimeharibu yangu na uzembe." Alikuwa akimenya viazi, hakulia. Sikuweza kumwambia. Nilirudi kwangu nikakaa jikoni nikijiona mwizi, na nilikuwa mwizi kweli.

Maiki yako niliirekodi, kama ninavyorekodi zote. Nimeisikiliza mpaka naota nayo. Ukikubali, nitaipeleka redioni, au nitaipiga ukumbini mbele ya watu wale wale, wasikie sauti uliyowaletea. Usisafiri, nitafanya yote mwenyewe. Nisamehe kama unaweza.

Wangechi


Parklands
4 Juni 2025

Wangechi,

Naandika polepole kwa sababu sasa kuandika ndiko kusema kwangu. Wamenitoa uvimbe kooni katikati ya Mei. Daktari alikuwa ameniambia tangu Februari kwamba baada ya hapo sauti huenda isirudi, na haikurudi. Kilichobaki kinatosha kupozea chai. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yangu ndogo ya hospitali. Sikukwambia. Sikutaka kuimba mbele ya watu wanaonihurumia.

Sasa tulia unisikilize. Nilijua tangu mdundo wa kwanza.

Yule kijana wa tabla mliyemleta ana haraka. Mchana ule wote alinikimbia kama mtu anayewahi kivuko. Jioni, ghafla, mkono ukanisubiri. Kwenye rekodi ile tabla ni ya Dinkar, mume wangu. Kila mstari ulipokaribia, alichelewesha ngoma kidogo ili nivute pumzi. Mwelekezi wa muziki alimgombeza siku nzima kwa ajili hiyo naye hakuacha. Amekufa miaka kumi na moja sasa. Hakuna mkono mwingine duniani unaonisubiri. Masikio yangu yameoza, lakini ule sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwenye mbao za jukwaa, miguuni. Ndiyo maana unaniona pichani nimefunga macho.

Ningeweza kunyamaza, au kusema zimeni. Sikusema. Nilikuwa na mume wangu muda wa wimbo mmoja, na nikafurahi kwamba hakuna mwingine anayenisikia. Nilimwacha yule msichana aimbe juu, nikaimba chini yao. Neno lile la Kigujarati nilimwambia yeye. Nilikohoa, nikamwambia, "Ngoja." Na alingoja. Kwa hiyo kuna sehemu ya hatia hii ambayo ni yangu. Usinibebee.

Lakini iliyobaki ni yako.

Nilianza kukungoja tangu Usenge. Nilikwambia mbele ya wale kina mama mahali ilipo sauti yangu, ukacheka. Nikakuuliza kwa barua, ukaniambia kama kwenye rekodi. Nilikasirika nikakaribia kucheka. Nikakuuliza kikohozi. Nikakuuliza ukumbi. Nilikuwa nimefunga sanduku, Wangechi. Lilikaa mlangoni hadi binti yangu akajikwaa juu yake. Ungesema kweli hata kwa mstari mmoja, ningepanda basi kesho yake nikaimba mbele ya viti vitupu, nikikohoa kila ubeti. Sauti nilikuwa bado ninayo. Sikutaka kukuomba, kwa sababu nilishakuomba mwezi Machi na uliniahidi. Ukaniambia nipumzike. Asubuhi ya upasuaji nililifungua sanduku nikarudisha nguo kabatini.

Sijakusamehe. Nikiona nimekusamehe nitakuandikia, nami si mtu wa kuchelewesha barua.

Kuhusu redio, hapana. Ukumbini bila mimi, hapana. Miaka yangu yote nimekuwa sauti isiyo na uso. Jumamosi ile ukanifanya uso usio na sauti. Sasa unataka kunirudisha tena nyuma ya pazia na unaniambia nisisafiri. Mtoto wewe.

Tafuta hiyo Jumapili moja jioni. Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti katikati ya jukwaa, taa zote ziwake. Miksa yako iweke mbele, watu wakuone wewe na vidole vyako. Utasimama na kuwaambia ulichofanya, kwa maneno machache, na usilie, maana ukilia watakuhurumia wewe. Kantilal asiseme kitu. Milka akae mstari wa mbele, na joho lake la kwaya, hata kama itabidi umwibie kutoka sakristia ya kanisa. Kisha utapiga ile ya maiki yangu, nami nitafungua mdomo. Wanawake wengi wameufungua mdomo kwa sauti yangu, na wote walilipwa vizuri kuliko mimi. Sasa ni zamu yangu.

Ukiwa na vijana wa simu, waache warekodi.

Usisafishe chochote. Usiondoe mikwaruzo, usiondoe ile pumzi ya tatu, usiondoe neno la Dinkar. Nitumie mapema na basi, niisikilize kwa hedifoni za mjukuu wangu. Maneno nayajua. Nataka kujifunza vizuri pale nilipokohoa.

Jashu